Matundu ya Skrubu

Kila mwaka, mwezi wa pili,
theluji bado imelalia paa la kituo chetu pale Hachinohe,
lori la mzee Numabukuro huingia mstari wa tatu
likiwa uchi.

Juzi usiku lilikuwa harusi.
Nililiona mwenyewe kwenye maegesho ya barabara kuu:
zambarau chini ya tumbo, kijani ukingoni,
taa mia moja na kumi na mbili,
na ubavuni korongo wa rangi, mabawa yakiwaka unyoya kwa unyoya
hata ungedhani anapaa na shehena nzima ya ngisi.

Leo ni bati jeupe na magurudumu.

Mimi ndiye mwenye kipimo na ubao wa karatasi.
Sheria naijua kama jina la mama yangu:
nyekundu isikae mbele,
nyeupe isikae nyuma ila gari likirudi kinyumenyume,
taa ya pambo isikonyeze, isikimbiekimbie,
isimpofushe ajaye.
Wenye malori hunung'unika kwamba tunachukia urembo.
Hawakuwa nami mwaka ule, penye kona ya daraja,
kijana wa pikipiki alipoona wekundu gizani
akadhani ni mgongo wa gari linalokwenda.
Lilikuwa linakuja.

Basi nainama chini ya bampa na tochi.
Matundu. Matundu kila mahali,
yamezibwa kwa nta ya mshumaa, moja moja,
kwa subira ya mtu apigaye pasi kola.
"Na haya?" nauliza.
"Ya kupumulia," anajibu, kofia mkononi.
"Lori limezeeka, bibi mkaguzi."
Natafuta kifungu kinachokataza tundu.
Hakipo. Naendelea.

Ila mwaka huu, jichoni mwa korongo,
imebaki taa moja,
rangi ya chungwa, ndogo kama kokwa ya plamu,
inawaka mchana kweupe bila aibu.

Mzee ameiona pale nilipoiona mimi.
"Fusae ndiye huzitoa," anasema.
"Huzipanga kwenye trei za mayai, anajua ipi ilianza.
Mara hii nimezitoa peke yangu."
Hakuongeza neno. Sikumwuliza.
Mashine ya breki ilinguruma mstari wa pili, ikanyamaza.

Sheria ni msumeno, sawa,
lakini mfukoni mwangu mlikuwa na bisibisi.
Niliandika: *Taa moja isiyoruhusiwa. Iondolewe.*
Nikampa bisibisi, nikageuka kuhesabu nati za gurudumu
ambazo nilikwisha kuzihesabu.
Alichukua muda mrefu.
Akaifunga ile taa ndani ya glavu yake ya sufu,
ikawa na joto bado, nadhani,
maana aliibadilisha mkono mara mbili.

Nikagonga muhuri.

Jioni, kurudi nyumbani, sikushika barabara kuu.
Nilizungukia nyuma, kwenye mashamba ya vitunguu saumu,
dakika ishirini za ziada kwenye barafu,
nisije nikakiona
ninacholipwa kukiona.