Rovu

Papa wetu ana urefu wa mkono, toka kiwiko hadi ncha ya kidole,
na anaishi sebuleni, hapa Shangani, kati ya kabati la vyombo na redio.
Alikuja akiwa yai: kifuko cheusi kama kipande cha mpira
kilichonasa wavuni, mume wangu akakileta ndani ya kopo la rangi.
Hokororo ni fundi mafriji. Akipenda kitu
hukijengea mashine.
Aligundisha vioo vya madirisha, akafunga pampu, akatundika taa,
na usiku nyumba nzima ikawa inanguruma.

Miezi saba alimlisha minofu.
Minofu mitupu, myeupe, isiyo na mwiba,
kama chakula cha mgonjwa wa Ligula,
imetolewa kwenye barafu, imeoshwa mara mbili.
"Mzaliwa wa kwanza huyo," majirani walisema, wakiliangalia tumbo langu.
Nilicheka nao. Kisha nikafunga mlango.

Mwezi wa nane papa akaanza kukipa chakula kisogo.
Akalala pembeni, tumbo kwenye changarawe.
Na chini ya taya, pale ngozi ilipolegea,
pakatuna.

Hokororo alisema: jipu.
Muuza dawa za mifugo alisema: minyoo.
Mimi nilipiga magoti, nikamulika kioo kwa simu,
nikamwona bibi yangu.

Bibi Nangonga, wa Newala kule juu,
ambako maji tulinunua kwa ndoo na chumvi kwa kijiko,
alikuwa na rovu ukubwa wa papai changa.
Alilifunga kanga hata kwenye jua la saa saba.
Akimeza tonge, lilipanda kilima chake, likashuka,
nasi wajukuu tulihesabu.

"Ni rovu," nikasema.
"Samaki wa chumvi akose kilichomo kwenye chumvi?"
Ndiyo. Maji yale yale, yanayozunguka mwaka mzima,
hujaa uchafu usioonekana kwa jicho,
na uchafu huo husimama mlangoni mwa tezi
kama mgambo: madini joto hayapiti.

Nikaandika karatasi, nikaibandika kwenye friji.
Ijumaa, madumu sita ya bahari, maji yakijaa, si yakitoka.
Ngisi mzima na wino wake. Kamba na ganda lake.
Dagaa na kichwa, na ini, na macho,
maana papa hali mnofu, papa anakula mnyama.
Kidonge cha madini joto kifichwe kwenye shavu la kibua.
Na cha vitamini, kwa sababu barafu hulinda nyama
huku inaiba kisichoonekana.

Fundi wa barafu alisoma mstari huo mara tatu.
Hakusema kitu. Alikwenda kununua madumu.

Siku tisa papa alitema.
Kidonge kilibaki kwenye changarawe, kinayeyuka kama ubishi wa zamani.
Siku ya kumi alimeza, akageuka, akanitazama
kwa jicho lile la paka asiye na shukrani.
Sasa uvimbe umenywea. Si wote.
Hokororo huupima kwa rula, kupitia kioo,
naye hudanganya milimita mbili, ili nifurahi.

Mpwa wangu Likwata alisoma pakiti ya chumvi jikoni.
"Madini joto. Joto gani, mama mdogo? Mbona ni baridi?"
Nilimwekea chembe kwenye ulimi.
Sikuwa na jibu lingine.

Papa ana ratiba, ana pampu, ana fundi wake mwenyewe.
Bibi alikuwa na kanga.
Ilikuwa na maandishi, kama kanga zote,
lakini aliikunja hapo hapo kwenye maneno,
mkunjo juu ya mkunjo, kulificha shingo,
na mpaka tunamzika
sikuwahi kuyasoma.