Kidole cha Mwisho

Saa tisa usiku, Barabara ya Kumi na Mbili,
naamka nakung'uta mkono
kama mtu aliyenawa akakosa kitambaa.
Mkono wangu. Vidole sivijui.
Gumba, cha shahada, cha kati, na nusu ya cha pete
(nusu kweli, ile inayoelekea gumba)
vimejaa sisimizi wasiouma wala wasioondoka.
Cha mwisho peke yake kizima,
kinanitazama kama jirani aliyeletwa na kelele.

Kila mtu alikuwa na jibu.
Baridi imekuingia. Damu imekuwa nzito.
Wifi yangu Mwanjaa akanong'ona:
kuna mtu umemdhulumu kitambaa.
(Yupo. Nusu mita ya satini, na nilimrudishia.)
Chupa tatu za mafuta ya karafuu ziliisha,
nyumba nzima ikanuka pilau,
ganzi ikakaa palepale, imekunja nne.

Swalani nikawa nainua cha shahada
kisha nakichungulia kwa pembe ya jicho
nijue kama kimeinuka.

Siku niliyodondosha pini kifuani mwa bibi harusi,
nikaipapasa nisiipate,
naye akaruka, "Fundi, unanichoma!",
ndipo nikapanda Bombo.

Shemhilu, kijana wa mazoezi ya viungo,
hakuuliza nimemkosea nani.
Aliuliza vidole vingapi.
Nikamhesabia. Nilipokiruka cha mwisho akatikisa kichwa:
"Hicho habari zake hupita njia nyingine.
Huyo ndiye shahidi wetu."
Akagonga kifundo cha mkono, taratibu, kama anayebisha hodi,
umeme ukatoka mpaka kuchani.

Nilielewa kwa ukumbi wa nyumba yetu siku ya harusi:
mlango mmoja mwembamba,
wanaume tisa wamebeba masufuria,
na mtoto mmoja ametumwa na salamu.
Hao tisa ni kano. Miaka ishirini na sita
nimewapitisha hapo, mkasi, pasi, gurudumu la cherehani,
hata wakavimba mabega.
Mtoto ni mshipa wa fahamu.
Hakuna aliyemchukia. Amebanwa tu ukutani,
na salamu inafika imekatika maneno.

Dawa yake haikuwa ya chupa.
Banzi la usiku, mkono ulale umenyooka
kama mgeni asiyetaka kusumbua.
Meza ishushwe.
Mkasi wa mpini mpana.
Baiskeli niishike bila kuikaba koo.
Na kila nusu saa niweke kazi chini, nikunjue vidole,
nimsogeze mtoto polepole, mbele, nyuma, bila kumvuta.
"Ukiona nyama hii inasinyaa,"
akabonyeza kinundu cha chini ya gumba,
"usingoje. Tutaongea na daktari habari za kisu."

Basi mimi niliyesema "njoo kesho" miaka yote kwa uongo
sasa nasema kwa amri ya hospitali.
Wateja hawaamini. Wawili wamehamia kwa fundi wa Chumbageni.
Binti yangu Saumu anakata, mimi nakosoa,
tunagombana mpaka adhuhuri.

Ni wiki ya saba. Gumba limerudi.
Cha kati bado kinasema kwa kigugumizi.
Jana niliamka saa tisa kwa mazoea tu,
mkono kimya ndani ya banzi,
nikakosa la kukung'uta.

Leo asubuhi nimeshika kifungo, macho nimefumba.
Matundu manne, najua, nimekinunua mwenyewe.
Nikahesabu kwa cha shahada, nikahesabu tena.
Matatu, kwa hakika.
La nne nimeliamini.