Nusu ya Pili

Siku ya kufunga shule Mwalimu Thembo alikata vitabu kwa wembe,
mbele yetu, taratibu,
kama mtu anayegawa mkate alioazima.
Vitabu kumi na tisa, sisi thelathini na wanane,
na likizo ndefu hadi mwezi wa pili.
"Likizo haina kengele," alisema, "lakini kurasa inazo."
Ithungu akapata nusu yenye jalada.
Mimi nikapewa kuanzia ukurasa wa tisini na saba,
mgongo umeshonwa kwa uzi wa gunia,
jalada ni boksi la sabuni.

Sentensi yangu ya kwanza haikuwa na kichwa:
akalia hadi kanga ikalowa.
Hata herufi kubwa hakuna.

Desemba, kwetu Kilembe, ni kahawa.
Nililinda turubai uani,
mkono mmoja unafukuza kuku,
mwingine umekandamiza ukurasa upepo usiufunue kabla yangu.
Wingu la Rwenzori halibishi hodi.
Unakumba buni kwanza, kitabu unakisukuma kifuani,
baadaye kinatoka kina joto lako
na harufu ambayo hutaki Mwalimu ainuse.

Kule, mdogo wangu, yuko darasa la tatu.
"Huyo Zamda analilia nini?"
Sijui.
"Si uko sekondari wewe?"

Basi nikatunga.
Jumatatu, mume wake alizama mgodini.
Kule akapiga miayo.
Jumatano, alifeli mtihani.
"Mtu mzima?"
Ijumaa nikamwambia: Nyamwamba ulifurika usiku,
ukabeba nyumba yake na mlango ukiwa umefungwa.
Hapo akanyamaza, akasogea.
Yeye alizaliwa baada ya ule mto kuchukua jiko letu,
ila analijua jiko hilo kuliko mimi.

Mama alikuwa anachambua buni, hakuinua uso.
"Aliyechukuliwa nyumba na mto halii siku hiyo," alisema.
"Anahesabu sufuria."
Akatupa punje mbovu.
"Sisi zilibaki tano. Na jembe."

Nikaandika hayo kwa penseli
kwenye karatasi ya daftari la hesabu,
nikaichomeka mbele ya tisini na saba,
pale ambapo kitabu changu kilikuwa hakijaanza.

Jumamosi ya pili ya Januari, sokoni Kasese,
karibu na mafundi baiskeli,
Ithungu akashuka juu ya magunia ya vitunguu kutoka Bwera,
nywele zake zikinuka safari.
Tulibadilishana kama wachuuzi wasioaminiana,
kila mmoja akihesabu kurasa za mwenzake.
"Usiniambie mwisho," akasema.
Na wewe usiniambie mwanzo.
Ile karatasi niliichomoa, nikaikunja mfukoni.

Usiku huo, kwa tochi ya simu ya Mama,
nilizisoma kurasa tisini na sita bila kugeuka ubavu.
Harusi, deni, ng'ombe aliyepotea, shangazi mchokozi.
Na mwisho kabisa, chini, pembeni mwa doa la chai:
Moshi wa kuni mbichi ukamwingia machoni,

Moshi!
Nilicheka hadi Mama akagonga ukuta.
Halafu sikucheka tena. Nikazima tochi,
nikalala macho, nimekasirika na mtu
ambaye hata sikujua ni nani.

Asubuhi nikamsomea Kule.
Akasikiliza hadi koma ile, akatikisa kichwa.
"Kitabu kimekosea," akasema,
akaenda kufukuza kuku.

Tulipofungua shule, Mwalimu alipika gundi ya muhogo,
akaziunganisha nusu zote, moja moja, kwa kidole gumba.
Nilimsaidia. Hakuniuliza ninaficha nini mkononi.

Ukikiazima kitabu hicho mwaka huu,
kati ya tisini na sita na tisini na saba
utakuta karatasi ya mraba mraba iliyogandamana upande mmoja.
Sufuria tano, jembe moja.
Usiibandue.
Ukiwa na haraka ya kujua Zamda analilia nini,
iruke.