Nywele Tatu

Malindi, mtaa wa Maweni. Kinyozi Kitsao
alinipangusa shingo, akauliza
kama anavyomuuliza kila mtu:
"Na ndevu, kaka, tutoe?"

Ndevu!
Ni nywele tatu. Nazihesabu tangu Mfungo Sita,
na moja huenda ni uzi wa taulo.

"Toa," nikasema. Nikaongeza shilingi hamsini,
spiriti ikaniwasha kidevu hadi sokoni.

Hapo simu ikalia: shangazi Mejumaa.
Nikaitika.
"Nani mwenzangu?"
"Mimi."
"Una mafua?"
"Sina."

Mbuzi ya nazi ikanyamaza.
Nami nikasimama katikati ya mafungu ya mchicha,
nimeziba sikio la pili.

Kwaru. Kwaru. Ikaanza tena.

"Basi nipitishie ndimu," akasema.
"Na usichelewe, baba. Wali hauna subira."