Daftari la Eino Laitala

Vidato thelathini na kimoja kutoka barabarani,
juu ya duka la viatu: hapo ndipo ilipokuwa ofisi ya babu,
tangu Duluth ilipokuwa na moshi mwingi kuliko magari.
Wateja walifika juu wakihema,
naye hakuwauliza neno mpaka pumzi ziwarudie.
"Mtu anayehema," alisema, "hukubali lolote."

Tulimzika jana. Miaka tisini na sita.
Mchungaji akasema kifo ni hukumu isiyo na rufaa,
nikamsikia mjomba Reino akiguna,
maana babu angesimama pale pale kupinga:
hakupenda lugha ya mahakama ivishwe kanzu.

Nyumbani kwake, aliyetaka kulala saa nne badala ya saa tatu
alileta hoja, na shahidi.
Aliyevunja kikombe alitafutiwa wakili kati ya binamu.
Sheria ilikuwa moja:
mpe mpinzani wako kiti kilicho karibu na jiko,
kisha mshinde.
Bibi Lempi alitushinda sote bila hoja,
kwa kuzima taa.

Leo tumefungua daftari.
Mwandiko wake umelala upande, kama nyasi baada ya upepo.
"Saarinen, mpaka wa shamba. Viazi, gunia moja. Imelipwa."
"Bi. Maki, talaka. Soksi za sufu, jozi mbili. Imelipwa."
"Niskanen, mashua kugongwa. Samaki wa moshi,
wengi mno. Imelipwa, imelipwa, basi!"
Tukacheka hadi kahawa ikamwagika juu ya Niskanen.

Kisha ukurasa mmoja, jina moja.
Hilja Kompula.

Jina hilo tulilijua. Kila Desemba,
ziwa likianza kuganda kutoka ukingoni,
babu alitusimulia kesi aliyoshindwa:
mume aliyeangukiwa na madini gatini,
kampuni yenye mawakili saba,
na karatasi iliyofika mahakamani
siku moja baada ya muda kwisha.
Siku moja.
Tukimuuliza kwa nini alichelewa, yeye,
mtu aliyefika kituo cha treni kabla ya treni kufikiriwa,
aliinuka kwenda kutia kuni jikoni
hata kama jiko lilikuwa linanguruma.

Chini ya jina la Hilja, tarehe.
Tisa Desemba, 1961.
Mama akaisoma mara mbili, akavua miwani.
"Hiyo," akasema, "ni siku yangu ya kuzaliwa."

Hakuna aliyecheka.
Chini ya tarehe kulifuata safu za namba,
mwezi kwa mwezi, dola kumi, dola kumi na tano,
mkono ukizeeka jinsi ukurasa unavyoshuka,
miaka thelathini na minne, mpaka Hilja alipofariki.
Pembeni, nafasi ya lile neno
imeachwa wazi.

Jana kaburini alikuja mama mmoja asiyejulikana,
mwenye buti za manjano, akamshika mama mkono.
"Bahasha zilikuja bila jina," alisema.
"Sisi tulidhani ni kanisa."
Tulidhani amechanganyikiwa. Tukampa keki.

Sasa binamu Aili anashika kalamu:
deni limekwisha, liandikwe.
Reino anapinga: aliyeacha nafasi aliiacha kwa akili zake timamu,
wasia hauongezewi neno.
Mimi nasimama na Aili, halafu na Reino.
Mtu amemsogezea mwenzake kiti cha karibu na jiko
na hata hatukuona ni nani.

Mama amekaa kwenye kiti cha babu,
daftari mapajani, kidole juu ya siku aliyozaliwa.
Tunamtazama, tukingoja hukumu.
Anauliza kama kuna kahawa iliyobaki.
Kisha anainuka, taratibu,
akaenda kutia kuni.