Koti la Mbweha Tarishi

Nilimficha siku tisa chini ya magunia ya unga,
mbweha wangu tarishi, na koti lake la zambarau.
Hapa Valdivia mvua haikukata tangu Jumapili,
na karatasi niliyomchorea, ile ya kufungia mikate,
ilishaanza kujikunja pembeni kama jani la kabichi.

Nina miaka hamsini na miwili. Naoka mikate usiku.
Nani wa rika langu anapaka rangi vikatuni?
Lakini gazeti la Alhamisi humleta bila rangi,
mistari mitupu, nyeusi juu ya nyeupe,
na mimi kitu kikiachwa kitupu mikono huniwasha.

Jumamosi nikapanda maktaba, ghorofa ya pili,
kwenye meza ya wenzangu wasiojua kuwa ni wenzangu:
Millaray mwenye wino kuchani,
Baltazar, miaka kumi na minne, sauti inamkatikakatika,
na bibi Edelmira wa duka la vitambaa,
aliyempaka mbweha yule yule koti la haradali.

"Haradali?" nikasema, hata salamu sijatoa.
"Anayepeleka barua gizani sharti aonekane."
La Baltazar lilikuwa kijani. Hakueleza.

Nikafungua mfuko wangu wa plastiki.
Kimya. Kile kimya cha watu wanaotazama kweli.
Kisha Millaray akagusa ukingo kwa ncha ya kidole:
"Hii karatasi inakunywa kumshinda mjomba wangu."
Tukacheka, mabega yangu yakashuka.

Wakaanza kunifunda, wote kwa pamoja, wakikatizana:
nunua karatasi nzito, gramu mia tatu, ya pamba ukimudu,
ukishindwa, ibane ubaoni kwa utepe kabla ya kuilowesha.
Wino uache ukauke, usiku kucha, si dakika tano,
maana maji ni mmbea, yakiukuta mbichi
yatausambaza mtaa mzima.
Penseli usiikandamize. Tabaka juu ya tabaka,
taratibu, kama unayempaka mtoto mafuta.
Na nyeupe usiinunue. Nyeupe ni ile uliyoiacha.

Hilo la mwisho alilisema Edelmira bila kuinua macho.
Nililiandika nyuma ya risiti ya hamira.

Baltazar naye alikuwa na balaa lake:
mkaa umemchafua mbweha usoni,
kifutio kimeuburura hadi masikioni,
na machozi yako karibu, anayameza kama dawa chungu.

Nikatoa mkate wangu wa mchana.
Nikabandua ganda, nikachukua ulaini wa ndani,
nikaufinyanga hadi ukawa kama ndewe ya sikio.
Nikagusa, nikainua. Nikagusa, nikainua.
Usisugue, mwanangu. Mkaa utapanda wenyewe.
Uso ukarudi: pua kwanza,
kisha lile jicho la ujanja.

"Nani kakufundisha?"
Hakuna. Ni saa tisa za usiku nyuma ya tanuri,
makosa tele, na kifutio sina.
Edelmira akautazama mkate, akanitazama mimi,
akavuta kiti cha tano, akaweka mkoba wake chini.

Tukaipanga michoro, bega kwa bega:
zambarau, haradali, kijani,
na lile la Millaray, viraka vya rangi zote zilizombakia.
Mbweha mmoja, makoti manne,
barua ile ile mdomoni.
Baltazar akauliza imeandikwa nini ndani.
Tulibishana mpaka mlinzi akazima taa.

Nikapitia dukani, nikanunua karatasi moja,
moja tu, bei yake mikate minane.
Nikaificha kifuani mvua isiionje,
na kwenye kioo cha duka nikaliona koti langu mwenyewe,
majira saba ya baridi nimelivaa:
la kijivu, vifungo vya kijivu,
na mahali pote pale pa kuanzia.