Sanduku la Thelathini na Moja

Barua pepe ya Sigrún imeingia saa tisa usiku.
Kwao ni saa sita, na jua, anasema,
bado linang'ang'ania ukingo wa bahari.
"Habari Malogo. Sanduku la thelathini na moja
lina pengo la sentimita ishirini na mbili.
Tafadhali eleza."

Pengo hilo nalijua.

Tulionywa tusiliite kisima,
maana watu wa Chihanga wangeleta ndoo.
Wakazileta.
Mashine ilipoanza kunguruma
ndoo arobaini na tatu zilikwisha panga foleni,
nami, mwenye kofia ya njano na Kigogo cha bibi yangu,
nikatumwa kueleza:
hatutoi kitu, tunatafuta pa kuweka.

Kuweka nini?
Hewa.
Hewa gani?
Moshi wa viwanda, mama. Unakamuliwa,
unashindiliwa chini, unakaa huko milele.
Viwanda vipi?

Nikatazama upeo wote:
michongoma, mbuzi, vumbi,
na tanuri la matofali la Lechipya
lililozimika tangu Pasaka.

Nyemo alicheka mpaka akashika kiuno.
"Yaani karamu wamekula kwao,
jalala waje kuchimba kwetu?"
Sigrún akaniomba nitafsiri.
Nikasema: anauliza kuhusu usalama.

Si mtu mbaya, Sigrún.
Mikono yake ilipasuka kama yetu,
mlenda uliteleza kidevuni mwake akafuata na kidole.
Kwao jiwe ni jeusi, lina vitundu kama andazi;
moshi ukizamishwa humo pamoja na maji,
miaka miwili tu, unaganda, unakuwa jiwe jeupe ndani ya jeusi.
Alinipa kipande. Nikakilamba,
ndivyo tunavyosalimiana na mawe sisi wa kazi hii.
Kilikuwa na ladha ya chaki na ya kitu kilichotulia.

Letu ni la waridi na kijivu,
limefumba kama ngumi ya mtoto mwenye sarafu.
Tulilisukumia maji kwa pampu ya Seoul,
kwa vipimo vya Bergen,
kwa fedha za nchi nne na sahihi kumi na saba,
usiku na mchana, siku tisa.
Daktari Chipanha akaandika kwa lugha ya upole:
upenyevu hafifu mno.
Mimi ningeandika: limekataa.

Mradi ukafungwa kwa keki na picha ya pamoja.
Jina langu limo kwenye shukrani,
limeongezwa L moja.

Na moshi bado unazurura, hauna pa kulala.
Uwele wa mwaka huu ulitoa masuke mafupi kuliko kidole;
hilo halikuwa kwenye ripoti, halikuwa swali letu.

Siku ya kuziba shimo kwa saruji
Nyemo alikuja bila ndoo.
Akapita kando ya masanduku polepole,
kama mtu anayechagua kitenge.
"Hili la mviringo. Lingine mna tele."

Mita mia moja themanini na saba kwenda chini.
Miaka bilioni mbili na ushei bila kuona jua,
na sasa, kila jioni, linabingirika
juu ya jiwe la kusagia la Nyemo,
linaponda karanga za mlenda.
Nilipita wiki jana, nikaligeuza mkononi.
Mafuta yameingia kati ya chembe,
yameacha doa jeusi lenye kina cha ukucha.
Upenyevu, basi, upo kidogo.

Nimeandika, nimefuta, nimeandika tena:
"Sigrún, si kosa la hesabu.
Sampuli ipo Chihanga,
kwenye majaribio ya muda mrefu.
Matokeo ya awali ni mazuri."

Nikabonyeza tuma, taa ikazimika,
sijui kama imefika.